Kengele ya Mkono wa Kushoto

Ndugu yangu, sogea karibu, maana haya siwezi kuyasema kwa sauti kubwa, na leo nguvu za kupaza sauti sina. Nimetoka Rangwi kumzika Mwalimu Kaniki. Magoti yananiuma kwa ule mteremko, viatu vimejaa udongo mwekundu, na watoto waliniwekea maji ya moto ya kuoga yakapoa bila mimi kuyagusa. Nakueleza wewe kwa sababu najua hutanikatiza, wala hutanionea huruma ya mdomoni. Mimi si mtu wa vitabu. Shule niliishia darasa la saba, mengine niliyapata ukubwani, kwenye masomo ya jioni, nimekaa dawati moja na Zaituni muuza karoti, mikono yetu inanuka udongo wa bustani. Lakini kuna mwaka mmoja wa maisha yangu nimekuwa nautembeza kifuani peke yangu, na leo makaburini Zaituni ameniuliza neno moja tu, mwaka wote ukarudi. Tulikuwa tumesimama nyuma, sisi wawili na ushungi wetu katikati ya Wakatoliki wanaoimba. Akaniinamia. "Mama Idi, ile bodi ya mwisho bado unayo?" Nikamwambia ninayo. Akatikisa kichwa, akaendelea kulitazama jeneza, nami sikumwuliza anaitakia nini. Nilijua si mahali pake.

Mwaka ule Mama alikuwa amekwisha kupooza upande wa kulia. Tulimweka chumba cha mbele kwa sababu kina dirisha, na dirisha linatazama bonde, na bondeni ndiko iliko bustani yangu ya karoti na kabichi. Nikifumba macho nakiona chumba kile vizuri kuliko hiki nilichokaa sasa: godoro tulilolivika nailoni, ukuta wa chokaa uliochakaa pale anapoegemea, tasbihi yake kwenye msumari, kopo la maji na kifuniko chake, harufu ya mafuta niliyokuwa namchulia mguu. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mpaka ndani, unakaa juu ya blanketi. Nilikuwa namwosha, namtawadhisha, namlisha uji, nageuza mto, halafu nashuka na jembe na ndoo. Nikiwa chini naliona dirisha lake. Yeye akiwa juu ananiona mimi, kitone cha kanga kwenye matuta. Lakini sauti yake ilikuwa imeondoka pamoja na ule mkono. Alibaki na maneno mazito ya Kishambaa yanayotokea upande mmoja wa mdomo, na hayo hayakuvuka hata uani. Kwa hiyo alikuwa haniiti. Alikuwa anasubiri. Nikipanda adhuhuri namkuta na kiu ya tangu asubuhi, au amelowa, ananitazama bila lawama yoyote. Kile kilima nilikizoea. Kutokulaumiwa ndiko kulikonichosha.

Kipupwe kilipoanza nilimkuta sakafuni. Alikuwa amejaribu kushuka kitandani peke yake akafuate kopo, akaanguka, akalala kwenye saruji ile ya baridi sijui kwa muda gani. Mdomo ulikuwa umebadilika rangi. Nilimkumbatia pale chini kama mtoto, nikampulizia mikononi, nikasoma kila dua niliyofundishwa na nyingine nikajitungia. Habari ikateremka toka huku Lushoto mpaka Mazinde, kule tambarare, kwa kaka yangu Hamza, na kesho yake akapanda. Kaka Hamza ana duka pale kando ya barabara kuu, mtu mpole, hajawahi kunigombeza maisha yake yote, ndiyo maana maneno yake yaliniingia. Tulikaa jikoni, nimempakulia makande, hakuyagusa. "Halima, sikulaumu," akasema. "Lakini bustani iko kule chini na mgonjwa yuko huku juu. Humsikii. Mimi duka liko mlangoni, akikohoa tu nimesikia. Baridi hii ikiisha hujapata njia ya kumsikia, namchukua." Nikamjibu, "Kaka, Mama hataki kukaa Mazinde." Akasema, "Najua hataki. Na kufia sakafuni anataka?" Ukuta wetu ni mwembamba na Mama alikuwa anasikia kila kitu. Yeye Mazinde aliijua kwa harusi moja tu, akarudi anasema kule malori yanapita mpaka ndani ya ndoto, na joto halimwachi mtu akasali kwa utulivu. Baba amezikwa hapa nyuma, chini ya mipeasi. Mama alikuwa anataka kufa penye ukungu, basi. Hakuomba kingine.

Masomo ya jioni tulikuwa tunasomea kwenye chumba nyuma ya stoo ya zamani ya viazi. Tulianza baada ya alasiri, tukamaliza kabla ya magharibi, maana wengi wetu tulikuwa na watoto na sufuria zinatusubiri. Mwalimu Kaniki alitufundisha hesabu na fizikia, mzee mrefu wa kofia ya sufi, na alikuwa na ugonjwa wa vidude vya umeme, sijui niuiteje. Kipindi kikiisha anatoa boksi lake chini ya meza, na wasio na haraka wanabaki. Kwanza nilibaki kwa sababu ya mvua. Halafu nikawa nabaki kwa sababu ile ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna mtu aliyekuwa ananihitaji. Zaituni alibaki kwa sababu ya umbea, anasema mwenyewe. Tulikula viazi vya kuchemsha na chumvi, tukajifunza kutengeneza bodi ya saketi, yaani ule ubao mwembamba wenye njia za shaba ambao vipuri vyote vinakaa juu yake. Namna yetu ilikuwa hivi. Unachora njia kwenye kompyuta, unakwenda kuchapisha steshenari kwenye karatasi ya kung'aa, unailaza karatasi kifudifudi juu ya ubao wa shaba, unaipiga pasi ya mkaa mpaka wino unahamia kwenye shaba, halafu unatumbukiza kwenye dawa inayokula shaba yote isipokuwa palipo na wino. Na kwa sababu karatasi inalala kifudifudi, lazima mchoro uchapishwe umegeuzwa, kushoto kuwe kulia, ndipo ukihamia unakuwa sawa. Ukisahau kugeuza, umepoteza ubao na mkaa. Zaituni alisahau mara ya kwanza, akachekwa, na tangu hapo ikawa wimbo wa darasa. Mtu akikaa tu kwenye ile kompyuta, wote tunaimba: "Geuza!"

Nilipomweleza Mwalimu habari za Mama na Kaka Hamza, alimaliza kwanza kumenya kiazi. "Mama Idi, hilo ni jambo la kengele tu," akasema. "Mama anabonyeza huku, inalia kule." Kitufe kilikuwa cha kununua, kidude kidogo kama cha kufungulia milango ya gari, kinatuma ishara hewani. Kazi yetu ilikuwa kengele yenyewe, ile ya kushuka nayo bondeni, ipokee ile ishara ilie. Tuliitengeneza kwa pasi ya Zaituni, nikachomelea vipuri kwa risasi ya kuyeyusha mimi mwenyewe, jasho linanitoka. Mezani ililia vizuri mpaka mlinzi wa stoo akaja kuuliza kuna nini. Bondeni ikawa vituko. Ule unyevu uliingia kwenye shaba tupu, kengele ikaanza kujililia yenyewe. Nilipanda kile kilima mbio, kifua kinawaka, nafika Mama ananishangaa. Nashuka, inalia tena. Wanawake wa bustani za jirani wakawa wananiita gari la zimamoto. "Haya Mama Idi, moto huo, kimbia!" Baada ya siku chache shaba iliota kijani, njia zikakatika, ikanyamaza kabisa. Tukatengeneza nyingine. Nayo ukungu ukaila.

Hapo ndipo Mwalimu aliposema kwamba kuna viwanda China vinakuchapishia bodi ya mchoro wako mwenyewe, hata kama wewe si kampuni, hata kama ni mtu wa kucheza tu jioni kama sisi. Unatuma mchoro kwa mtandao, wao wanakata, wanatoboa, wanapaka rangi ngumu ya kijani juu ya shaba isiguswe na maji, wanalivika kila tundu bati kwa ndani, wanakutumia. Kiasi kidogo kabisa wanachokubali ni bodi tano, na bei yake ni rahisi kuliko shaba na dawa tulizokwisha kuzimwaga. Zaituni hakuamini. "Mchina aache kazi zake anichapie mimi wa karoti?" Mwalimu akamwambia, "Hajui kama wewe wa karoti. Kwake wewe ni mchoro." Zaituni akasema, "Afadhali, maana wanaojua wanakopa." Tulikusanyika nyuma ya Mwalimu siku ya kutuma, tumemwegemea mabegani. Mtandao ulitaka jina la mtaa na namba ya nyumba. Hatuna. Zaituni akasema aandike tu kwa Zaituni karoti, kila mtu anamjua. Mwalimu akaandika sanduku la posta. Kiwanda kinachapa na maneno meupe juu ya bodi bila kudai zaidi, kwa hiyo akaniuliza niweke nini pale kwenye nafasi. Zaituni akawahi, "Weka namba ya Mama Idi, wenye shida zao wapige." Tukacheka. Mimi nikasema, andika Abee Mama. Si ndicho nitakachokuwa najibu? Akaandika. Na alipofika mwisho, kabla ya kubonyeza, tukaimba wote, mimi nikiwamo na sauti yangu juu: "Geuza!" Naye Mwalimu, kwa mazoea yale yale ya pasi ya mkaa, akageuza, akatuma. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekumbuka kwamba kiwanda hakipigi pasi.

Kusubiri kulikuwa kurefu. Tangu Mama aanguke nilikuwa nimepunguza kwenda bustanini, na mchoro ulipokwisha kutumwa, darasani nikaacha kabisa. Magugu yalimeza karoti. Baba Idi alikuwa safarini na lori la mboga wiki nzima, akirudi analala. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni kwa Mama nachambua maharage, nasinzia, naamka, nachambua. Siku moja Kaka Hamza alipanda na mkungu wa ndizi, akaingia kwa Mama, mimi nikabaki jikoni napuliza moto. Nikasikia anamwambia habari za kengele, kwamba watoto wako wanahangaika na kengele, ikija ubonyeze, Mama, usikae kimya tena. Halafu Mama akasema, kwa yale maneno yake mazito, taratibu sana, ikabidi nisogee ukutani nisikie: "Nimwite mwanangu kwa kushoto?" Kaka akasema, "Mama, kulia hakufanyi kazi." Mama akasema, "Kwa kushoto mtu anafukuza kuku."

Ndugu yangu, nilikaa chini pale pale penye majivu. Mwezi mzima nilikuwa nafikiri shida ni ukungu, shida ni shaba. Kumbe ningeleta kengele ya dhahabu, isingebonyezwa. Nikaanza kukumbuka yote: mkono wake wa kushoto anavyouficha chini ya blanketi wageni wakija, asije akajisahau akaupokelea kitu, anavyokataa kijiko anasubiri nimlishe, hata njaa ikimuuma, tasbihi anavyonitaka nimwekee kwenye vidole vya kulia visivyosikia, akae nayo tu. Sisi hapa kwetu mtoto anapigwa kofi akipokea kitu kwa kushoto. Mama mwenyewe ndiye aliyetupiga sisi hayo makofi. Jumatano nilimwomba ustadhi wa madrasa apite. Akaja, akakaa kwenye kigoda, akamwambia kwa adabu, "Mama, mwenye udhuru hana lawama. Mwenyezi Mungu anaujua mkono wako." Mama akamjibu, "Najua, mwanangu. Mungu ananisamehe. Ila mimi ndiye ninayeuona." Ustadhi akanitazama, akakunja kanzu yake akaaga. Sikuwaambia Mwalimu na Zaituni. Wangeniambia nini? Bodi zilikuwa zimeshalipiwa na shemeji yake Mwalimu mwenye kadi ya benki, ziko njiani, na baridi ilikuwa inaanza kupungua.

Kifurushi kilifika siku ya soko. Zaituni alikiona Posta, akaacha karoti zake kwa jirani, akampitia Mwalimu, wakaja wote wawili kwangu kwa sababu mimi nilikuwa sitoki. Ilikuwa baada ya alasiri. Mwalimu alivua kofia mlangoni kwa Mama. "Shikamoo, mama." Mama akaitikia marahaba kwa upande wake ule mmoja. Nikawaletea viti mle mle chumbani, na meza ndogo, na chai ya tangawizi, kwa sababu ndiko kulikokuwa na mwanga. Mwalimu akakata nailoni kwa wembe, taratibu, anavyokata kila kitu. Zilikuwa nzuri, jamani. Kijani cha kung'aa, kingo laini, matundu yamepangwa kama ushanga. Nilimwekea Mama moja kwenye blanketi aione. Zaituni akachukua ya kwake, akaigeuza huku, akaigeuza huku, akanyamaza, na Zaituni kunyamaza si kawaida. "Mwalimu," akasema, "haya maandishi mbona kama jina la kanga ukiivaa ndani nje?" Tukatazama. Abee Mama ilikuwa imeandikwa kinyumenyume, herufi zimetazama kwao. Na si herufi tu. Njia zote zilikuwa zimehama, kulia kushoto, kushoto kulia. Kile kipuri cheusi chenye miguu mingi kama jongoo, ambacho kila mguu una njia yake, kisingekaa tena popote. "Tuligeuza," akasema Mwalimu. Akairudia, polepole. "Tuligeuza, na wao hawapigi pasi."

Hakuna aliyecheka. Zaituni alikaa juu ya ndoo akashika shavu. Mimi nilisimama na birika mkononi, na nakuambia kweli, sikulia, sikukasirika. Nilichoka tu. Nilichoka mpaka kwenye kucha. Niliona malori ya Mazinde, nikamwona Mama kwenye chumba cha nyuma ya duka anatokwa jasho, na wala sikuwa na nguvu ya kulipinga lile wazo, nikaliacha likae. Kuagiza nyingine kungechukua muda zaidi kuliko tuliokuwa nao, na ya nini, wakati mkono wenyewe umefichwa chini ya blanketi? Chai ya Mwalimu ikapoa. Aliishika ile bodi akaielekeza dirishani, na mwanga wa jioni ukapita kwenye yale matundu, ukamwangukia usoni vitone vitone. Akaishusha. Akaiinua tena. "Zaituni," akasema, "matundu haya yana bati mpaka ndani, si kama yetu. Yametokeza pande zote mbili." Zaituni akasema, "Kwa hiyo?" "Kwa hiyo tusiingilie mbele. Vipuri tuvikalishe nyuma, tuchomelee mbele. Kwa nyuma, kushoto kwake ni kulia." Zaituni akauliza, "Na hayo maandishi?" "Yatatazama chini, ndani ya boksi. Hatayaona mtu." Nikaona Mama amegeuza kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya Mwalimu. Akasema kitu, Mwalimu hakukipata, yeye Kishambaa cha mdomo uliopooza hakukizoea, ikabidi nimwambie: "Anauliza, hivyo kwa nyuma, itaita?" Mwalimu akamsogelea, akamwonyesha ile bodi karibu. "Itaita, mama. Yenyewe haijui kama iko nyuma." Mama akaitazama sana. Halafu akafumba macho, nikajua amechoka na wageni.

Niliichomelea mwenyewe pale pale, Mwalimu ananielekeza na Zaituni ananishikia taa ya simu. Kazi ya kinyume inaumiza kichwa. Kila nikitaka kuweka kipuri, mkono unakwenda mbele, Zaituni ananigonga kidole: "Nyuma wewe, nyuma!" Adhana ya magharibi ilipoanza tukaiacha, nikatawadha, nikamtawadhisha Mama, tukasali, Mwalimu kajikalia uani na kofia yake magotini. Tuliporudi tukamalizia, tukaweka betri, Zaituni akabonyeza kitufe, ikalia. Mwalimu akakiweka kile kitufe kwenye blanketi, upande wa kushoto wa Mama. Mama hakukigusa.

Kesho yake nilishuka bondeni na ile kengele nimeitundika kwenye mti wa ua. Ukungu ulikuwa mzito, kisha ukapanda, jua likatoka kidogo, kisha mawingu yakarudi. Nilikuwa nang'oa magugu nimeinama, sitarajii chochote, nafikiri jinsi nitakavyomfungia Mama nguo zake za safari. Ikalia. Nikasema moyoni, basi, nayo imeingia maji. Ikalia tena, ndefu. Nikatupa jembe. Sijui nilikipandaje kile kilima, najua tu ndala moja ilibaki kwenye mtaro na nilikuwa nasema yaa Rabbi, yaa Rabbi kila hatua. Nikaingia mlangoni nimeshika ubavu. "Abee, Mama!" Alikuwa ameegemea ukuta, kitufe kiko mkononi, mkono wa kushoto, nje ya blanketi. Akauinua ule mkono, akanyoosha kidole dirishani, uani, kwenye mkeka wangu wa maharage. Matone ya mvua yalikuwa yameanza. "Maharage," akasema. "Yanalowa." Nikatoka kuyazoa. Nilikuwa nayazoa kwa viganja vyote viwili nacheka, napenga kamasi, mvua inanipiga mgongoni, na nyuma yangu kengele niliyoacha bondeni nilikuwa naisikia kwa mbali inalia bado, maana alikuwa hajaondoa kidole gumba kwenye kitufe.

Sikumwuliza kilichombadilisha. Mpaka anakufa sikumwuliza. Kaka Hamza alipopanda baridi ilipoisha, Mama alituita yeye na mimi tukiwa bustanini, tukapanda wote, Kaka anahema kuliko mimi, na Mama akatutaka tu tumgeuzie mto. Kaka alikaa kwenye kigoda akajifuta jasho. "Mazinde basi," akasema, na mambo ya kumchukua yakaishia hapo. Nisikudanganye lakini, ile kengele ilinichosha. Aliyekuwa haiti akawa anaita. Anaita maji, anaita nzi, anaita kunguru yuko juu ya bati, anaita nimwambie nani yule anapita barabarani na gunia. Wale wa bustani za jirani wakaanza tena: "Zimamoto!" Na mimi napanda, nashuka, napanda. Aliishi hivyo miaka kadhaa. Akafa asubuhi nikiwa nimekaa naye, namlisha uji, kwa hiyo hakuhitaji kuniita. Kijiko, siku hizo za mwisho, alikuwa anakishika mwenyewe.

Zile bodi nyingine zilikwenda. Moja kwa mzee wa Mlola aliyevunjika nyonga, moja kwa jirani aliyekatazwa kuinuka kwa sababu ya mimba, moja tuliiunguza tukijifunza. Zote tulizitengeneza kwa nyuma. Mwalimu hakuagiza mchoro uliorekebishwa. Alisema hizi zikiisha ndipo tutasahihisha, na kila tulipokutana alikuwa anauliza ile ya mwisho iko wapi, nami namjibu iko kabatini, inamsubiri mwenyewe. Leo tulipotoka makaburini Zaituni alinieleza anaitakia nini, tumefika pale njia inapokata msitu. Mume wake amepata kiharusi. Wiki ya pili hii. Upande wa kulia. "Halafu, Mama Idi," akasema, anajaribu kunitania, "yule mwanaume ana kiburi, anakaa na kiu siku nzima anasema hawezi kuita mtu kwa kushoto kama anafukuza mbuzi." Tukasimama pale tukashikana mikono, wanawake wawili wazima, mpaka gari la waliotoka mazikoni likatupigia honi tutoke njiani.

Kwa hiyo usinishangae kwamba sijaoga. Nimevaa miwani, nimewasha kile chuma cha kuchomelea, kinapata moto. Bodi iko hapa mbele yangu, Abee Mama imetazama kinyume, na mkono wangu kama kawaida umeshaanza kwenda mbele, nimeurudisha nyuma mwenyewe, hakuna tena wa kunigonga kidole wala wa kunielekeza. Kesho nikimpelekea Zaituni nitakaa na yule mume wake nimweleze habari ya maharage. Sitamhubiria. Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, usikae nayo kama nilivyokaa nayo mimi. Kama unamjua mtu analea mgonjwa penye kilima, au unamjua mgonjwa ameficha mkono chini ya blanketi kwa aibu, mpelekee maneno haya, umsimulie ukiwa umekaa naye karibu. Mwambie kuna mama mmoja Lushoto aliita kwa kushoto, na tulimwitikia.